Ziwa Likigeuka Kijani: Nani Anaulisha Mwani na Nani Anaula

Picha za maji ya kijani kibichi, mazito kama rangi ya ukuta iliyomwagika, husambaa kwenye simu zetu karibu kila mwaka. Leo ni ufuo wa Kisumu, kesho ni Naivasha, keshokutwa ni kidimbwi cha bustani ya hapa hapa Nairobi. Ndani ya matatu, maelezo nayo huwa matatu. Abiria mmoja atasema kwamba ni kemikali za kiwanda. Wa pili atasema kwamba ni gugumaji lililooza. Wa tatu, ambaye kwa kawaida amewahi kuishi karibu na ziwa, atasema kwamba samaki wamevuliwa hadi wakaisha na hakuna tena wa kuyasafisha maji. Kila mmoja ameshika kipande cha jambo lenyewe, ila wanagombana kana kwamba vipande hivyo haviwezi kukaa pamoja. Rangi ya ziwa la kina kifupi hutegemea mizani yenye pande mbili: upande mmoja kuna kinachoulisha mwani, na upande wa pili kuna anayeula. Anayetazama upande mmoja peke yake hataelewa kwa nini maziwa mawili yenye uchafu uleule huwa na rangi tofauti.

Tuanze na maneno. Mwani ninaouzungumzia si ule wa Pwani ambao kina mama wa Kwale huulima na kuuanika kwa ajili ya kuuza, bali ni mimea midogo sana, mingi yake isiyoonekana kwa macho mpaka iwe mamilioni, inayoelea majini au kushikamana na mawe na majani ya mimea mingine. Ndani ya kundi hili watu huingiza pia sianobakteria, ambazo kwa hakika ni bakteria zinazojitengenezea chakula kwa mwangaza wa jua kama mimea. Ndizo zinazofanya utando wa kijani juu ya maji, na baadhi yake hutoa sumu. Virutubisho ni madini ambayo mwani unayahitaji ili ukue, na yaliyo muhimu zaidi katika mjadala huu ni fosforasi na naitrojeni, yaleyale ambayo mkulima wa Limuru hununua kwenye gunia la mbolea. Walaji wa mwani ni wanyama wanaouchunga kama mbuzi anavyochunga majani: vidudu vidogo vinavyoogelea, konokono, baadhi ya samaki na hata ndege. Nalo ziwa la kina kifupi ni lile ambalo upepo unaweza kuyakoroga maji yake kutoka juu hadi kwenye tope la chini, na ambalo mwangaza, maji yakiwa meupe, hufika chini katika sehemu kubwa. Bwawa la Nairobi, lililo kati ya Kibera na Lang'ata, ni la aina hiyo. Ziwa Nakuru na sehemu kubwa ya Naivasha pia. Bwawa la Ndakaini, ambalo ukuta wake una kimo cha mita 65 na ambalo hutupatia maji mengi ya mfereji, si la aina hiyo, na mengi ya nitakayoyaeleza hayalihusu.

Mtu anayeishi kwenye ghorofa za Umoja au Pipeline ameshafanya jaribio la kwanza la somo hili bila kukusudia. Mtungi mweupe wa lita 20 ukiachwa na maji kwenye roshani yenye jua kwa wiki kadhaa, kuta zake za ndani huanza kuota utando wa kijani unaoteleza. Tangi jeusi lililo juu ya paa, lenye maji kutoka mfereji uleule, halioti kitu. Tofauti ni mwangaza. Sasa chukua mitungi miwili myeupe, utie maji ya mfereji katika mmoja, na katika wa pili maji yaliyosuuziwa nguo au yaliyopita kwenye samadi. Wa pili utakuwa kijani mapema zaidi na kwa wingi zaidi. Tofauti hapo ni virutubisho.

Kwa nini fosforasi hutajwa sana kuliko madini mengine? Mpika mandazi atanielewa upesi. Anaweza kuwa na gunia zima la unga, sukari na mafuta ya kutosha, lakini kama hamira iliyobaki ni kijiko kimoja, mandazi ya siku hiyo yatahesabiwa kwa kijiko hicho. Katika maziwa mengi fosforasi ndiyo hamira. Mwani unaihitaji kidogo sana, na ndiyo maana kidogo kinachoongezeka huleta mengi: kwa makadirio ya kawaida, gramu moja ya fosforasi inatosha kujenga karibu nusu kilo ya mwani mbichi. Mwaka 1973, mtafiti David Schindler na wenzake waligawanya ziwa dogo katika jimbo la Ontario, Kanada, linalojulikana kwa namba tu, Ziwa 226, kwa pazia la plastiki lililoshuka hadi chini. Upande mmoja walitia kaboni na naitrojeni. Upande wa pili walitia hivyo viwili pamoja na fosforasi. Upande wenye fosforasi ukawa kijani, na ule mwingine ukabaki na rangi yake. Picha iliyopigwa kutoka angani ilimaliza ubishi ambao kurasa nyingi za hesabu zilikuwa zimeshindwa kuumaliza, ingawa ni lazima niongeze kwamba katika maziwa kadhaa ya nchi za joto naitrojeni ndiyo inayoisha kwanza, na kwamba baadhi ya sianobakteria hukwepa upungufu huo kwa kujichukulia naitrojeni kutoka hewani.

Abiria wa kwanza basi alikuwa amekosea kidogo. Kemikali za viwandani zina madhara yake mazito, lakini nyingi kati yake zingeua mwani kabla ya kuulisha. Kinachoulisha ni vitu vya kawaida mno, na pengine ndiyo sababu hatuvishuku: mkojo na kinyesi cha binadamu vinavyofika mtoni pale ambapo hakuna bomba la majitaka au pale bomba lilipopasuka, baadhi ya sabuni za unga, samadi ya zizi lililo kando ya kijito, mbolea iliyozidi shambani, na udongo wenyewe. Udongo husahaulika kuliko vyote. Fosforasi hupenda kushikamana na chembe za udongo, hivyo maji mekundu tunayoyaona yakishuka baada ya mvua ya Aprili hayabebi tope tupu, bali yamebeba mbolea.

Bwawa la Nairobi lilijengwa mwaka 1953, na wazee wa Lang'ata wanakumbuka mashua za matanga zikishindana pale. Linalishwa na Mto Motoine, na kadiri makazi yalivyoongezeka kandokando bila mabomba ya majitaka yanayotosha, ndivyo mto huo ulivyogeuka kuwa mfereji wa virutubisho. Leo anayepita pale huona zaidi gugumaji kuliko maji. Na hapa inafaa kutenganisha mambo mawili ambayo mazungumzo ya mtaani huyachanganya. Gugumaji si mwani. Ni mmea mkubwa wenye majani, maua ya zambarau na mizizi inayoning'inia, na kwa kuwa huelea juu, huuzibia mwani mwangaza. Viwili hivi ni washindani wanaokula sahani moja. Ndiyo maana mahali ambapo gugumaji limeng'olewa lote kwa mashine huku mto ukiendelea kuleta mlo uleule, watu wasishangae kuona maji yaliyofunuliwa yakigeuka kijani baada ya muda mfupi.

Hata mto ukisafishwa, ziwa la kina kifupi halisamehi upesi, kwa sababu ya tope. Tope la chini ni kama akaunti ya sacco: kwa miaka mingi kila mwani uliokufa, kila jani lililooza na kila chembe ya udongo imeweka humo akiba ya fosforasi. Maji ya chini yakiwa na oksijeni, madini ya chuma yaliyomo topeni huishika fosforasi hiyo vizuri. Oksijeni ikiisha, kama inavyoisha usiku wa joto ambapo vitu vingi vinaoza kwa pamoja, chuma huiachilia na akiba huanza kutolewa. Upepo wa alasiri nao hukoroga tope na kupandisha kilichomo. Katika maziwa ya Ulaya na Marekani Kaskazini ambayo mabomba yake ya majitaka yalielekezwa kwingine, tope liliendelea kutoa akiba yake, kwa kawaida kwa miaka 10 hadi 15, kabla maji kutulia kwenye hali mpya. Kiongozi anayeahidi ziwa jeupe kabla ya uchaguzi ujao hajaulizia salio la akaunti hiyo.

Tugeukie sasa wanaokula. Wakati wa kiangazi tunawaona ng'ombe wa wafugaji kutoka Kajiado wakichungwa kando ya barabara kuu hadi ndani ya mitaa ya Nairobi, na nyasi walikopita hubaki fupi kama zulia. Ziwani kazi hiyo hufanywa na vidudu vinavyoitwa viroboto wa maji, ambavyo si viroboto hata kidogo bali ni jamaa wadogo wa kamba, wenye urefu wa milimita moja au mbili au chini ya hapo. Huchuja maji mchana na usiku na kumeza mwani uliomo. Wakiwa wengi na wakubwa wanaweza kuyachuja maji yote ya ziwa dogo katika siku chache, na maji yakawa meupe ingawa virutubisho havijapungua hata kidogo. Hili ndilo fumbo la maziwa mawili yenye uchafu mmoja na rangi mbili.

Lakini kiroboto wa maji mwenyewe ni chakula. Samaki wadogo na vifaranga vya samaki humpenda, na humla yule mkubwa kwanza kwa sababu ndiye anayeonekana. Kwa hiyo samaki wadogo wakizidi, wachungaji huisha na mwani hustawi. Samaki wakubwa wanaokula samaki wadogo wakiongezeka, wachungaji hupumua na mwani hupungua. Watafiti wa Ulaya na Marekani walilithibitisha hilo kwa kuhamisha samaki kutoka ziwa moja hadi jingine, na tangu miaka ya 1970 kumekuwa na desturi huko ya kutibu maziwa ya kijani kwa kupunguza samaki wadogo au kuongeza wawindaji wao. Abiria wa tatu angefurahi kusikia haya, ila asifurahi sana, kwani kinyume na anavyodhani, mara nyingi wingi wa samaki ndio unaoufanya ukijani uzidi.

Tena, dawa hiyo haisafiri vizuri hadi kwetu. Katika nchi zenye majira ya baridi samaki huzaa kwa msimu, na viroboto wa maji hupata wiki kadhaa za masika yao wakiwa salama kabla vifaranga havijaanza kuwinda. Katika nchi za joto samaki wengi huzaa mwaka mzima, vifaranga havikosekani, na wachungaji wanaobaki huwa wadogo, wachache na wenye mdomo usioweza kushika mwani mkubwa. Kuna jambo lingine ambalo mfugaji yeyote analijua bila kufundishwa. Malisho yakitumika kupita kiasi, nyasi tamu huisha na ndulele hubaki, kwa kuwa hakuna ng'ombe anayeitaka. Ziwani ndulele ni sianobakteria. Nyingi huungana kuwa mabonge au nyuzi ndefu ambazo kiroboto hawezi kuzimeza, nyingine zina sumu, na nyingi hazina lishe nzuri kwa kiroboto. Wachungaji wakila mwani laini na kuziacha, wanazifyekea shamba.

Kundi la wachungaji linalonivutia kuliko yote ni konokono, ingawa halitajwi kwenye habari. Katika ziwa la kina kifupi lenye afya, chini kuna bustani ya mimea inayoota ndani ya maji. Mimea hii hushika tope lisikorogwe, hufyonza virutubisho, na huwapa viroboto wa maji mahali pa kujificha mchana. Adui yake wa kwanza ni utando wa mwani unaoota juu ya majani yake na kuyanyima mwangaza, kama vumbi linavyofunika majani ya ua kando ya barabara ya murram. Konokono hulamba utando huo siku nzima. Samaki wanaokula konokono wakizidi, majani husakamwa na utando, mimea hufa, tope hukosa wa kulishika, viroboto hukosa maficho, na mwani unaoelea huchukua nafasi yote.

Kwa sababu hii ziwa la kina kifupi halibadiliki polepole kama chai inayopoa. Hukaa jeupe kwa muda mrefu likivumilia virutubisho vinavyoongezeka, kisha likaanguka ghafla hadi kijani, na likishaanguka hung'ang'ania huko. Ziwa Veluwe la Uholanzi limepimwa vizuri katika jambo hili: mimea yake ilitoweka fosforasi ilipozidi takriban miligramu 0.15 kwa lita, lakini haikurudi kiwango kiliposhuka hadi hapo. Ilibidi kishuke chini ya 0.10. Njia ya kurudi ilikuwa ndefu kuliko njia ya kwenda.

Naivasha imetuonyesha kwamba si lazima kuongeza mbolea ili kuivuruga mizani. Mwaka 1970 waliletwa kamba wekundu wenye asili ya Marekani ili wavuliwe kwa biashara. Kamba hao hula mimea ya majini na kuikata mashina, na katika miaka iliyofuata mayungiyungi na bustani za chini ya maji vilipungua sana, nyakati nyingine vikatoweka kabisa. Mafunjo ya ukingoni, ambayo yalikuwa yakichuja maji ya mito Malewa na Gilgil kabla hayajaingia ziwani, yalikatwa au kukanyagwa. Kisha, tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000, wakaongezeka samaki wageni wanaochimbua tope wakitafuta chakula. Mashamba ya maua hulaumiwa kwa kila kitu Naivasha, na yana sehemu yake, lakini ziwa lililopoteza mimea yake kwa kamba na chujio lake kwa panga lingekuwa kijani zaidi hata kwa mbolea ileile.

Mchungaji naye ana upande wa pili. Ng'ombe anayekula nyasi huacha samadi, na kiroboto wa maji, konokono na samaki hufanya vivyo hivyo: wanachomeza hakipotei, bali sehemu kubwa hurudi majini ikiwa imeyeyuka na tayari kutumiwa na mwani uliosalia. Mfano wa ajabu zaidi ni kiboko, mchungaji wa usiku anayekula nyasi nchi kavu na kuja kujisaidia majini mchana. Viboko zaidi ya 4,000 wa eneo la Mto Mara walikadiriwa kuingiza mtoni zaidi ya tani 36 za kinyesi kwa siku. Huyo hachungi mwani hata kidogo, anaulisha.

Vita kati ya anayelisha na anayekula vilionekana wazi katika Ghuba ya Winam. Mwishoni mwa miaka ya 1990 fukusi wanaokula gugumaji pekee waliachiliwa upande wa Kenya wa Ziwa Victoria, na ndani ya miaka michache gugumaji lilipungua mno. Kisha mvua kubwa za mwisho wa mwaka 2006 zilishusha virutubisho kutoka milimani, na mwaka 2007 ghuba ikafunikwa tena. Fukusi walikuwapo. Mlo ndio ulioongezeka haraka kuliko midomo.

Isidhaniwe, hata hivyo, kwamba kijani daima ni ugonjwa. Ziwa Nakuru katika miaka yake mizuri lilikuwa kijani kibichi, na huo ndio uliokuwa uzuri wake, kwa sababu ukijani huo ulikuwa spirulina, aina ya sianobakteria ambayo ni chakula cha heroe wadogo. Ndege mmoja hula takriban gramu 70 za mwani mkavu kwa siku. Wakifika milioni moja, kama walivyowahi kufika, ni tani 70 kila siku. Na bado ziwa halikuwa jeupe, kwa kuwa samadi ya ndege hao iliangukia humo humo. Maji yalipopanda kuanzia karibu mwaka 2010 na chumvi kuzimuliwa, spirulina ilipungua na heroe wengi wakahamia Bogoria na kwingineko.

Hatari halisi iko pengine, na hapa kuna dhana moja ambayo ningependa iondoke nyumbani mwa kila msomaji. Maji yenye utando wa kijani wa sianobakteria hayawi salama kwa kuchemshwa. Kuchemsha huua vijidudu vya kipindupindu na homa ya matumbo, lakini sumu iitwayo maikrosistini haiharibiwi na moto wa sufuria. Kinyume chake, joto huzipasua seli na kuimwaga yote majini. Shirika la Afya Duniani limependekeza isizidi maikrogramu moja kwa lita katika maji ya kunywa ya kila siku. Mwaka 2007 utando wa namna hii katika Ziwa Taihu, China, ambalo kina chake cha wastani ni karibu mita mbili, uliwaacha watu karibu milioni mbili wa jiji la Wuxi bila maji ya bomba ya kunywa. Mifugo nayo isinyweshwe penye utando uliosukumwa ukingoni na upepo, kwani hapo ndipo sumu hukusanyika.

Nikirudi Bwawa la Nairobi, ambalo mipango ya kulifufua imesikika kwa miaka mingi, naona mara nyingi mjadala unaanza na mashine za kuchota tope na kung'oa gugumaji, wakati mwingine pamoja na pendekezo la kupanda samaki. Mpangilio huo umeanzia mwisho. Samaki watakula wachungaji, tope litajaa upya, na gugumaji au mwani utashindania mlo uleule. Kipimo cha kwanza kingefaa kuchukuliwa mahali Motoine unapoingia bwawani, asubuhi ya mvua ya kwanza ya masika, ili ijulikane ni kilo ngapi za fosforasi zinazopita hapo kabla mtu yeyote hajawasha tingatinga.